Daktari wa urembo akikuwekea bei tatu mezani, ile ya juu ni ya mwili wako au ya mfuko wake?

#1 MamaPacha_Barani

Asalaam aleikum jamani. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Niko Malindi, Barani. Watoto watatu, wawili wa mwisho pacha. Tangu niwazae hao pacha tumbo langu halijarudi. Mkaja nilifungwa siku arubaini kamili, nyanya akaukaza mpaka pumzi zikanipaa, lakini wapi. Ngozi imening'inia, na nikijiinua kitandani panatokeza tuta katikati ya tumbo kama mgongo wa papa. Mazoezi nimefanya miezi minane. Mume wangu hajasema neno, naliweka hilo wazi kabla hamjaanza kumshambulia. Ni mimi niliyechoka kuulizwa harusini, "Mwanangu, una miezi mingapi?"

Mwezi uliopita nikaenda Mombasa kuonana na daktari wa upasuaji wa urembo. Mtu mpole, anaongea polepole. Akanisimamisha mbele ya kioo, akaibana ile ngozi kwa vidole viwili, akachora mstari kwa kalamu ya zambarau kutoka nyonga hii hadi nyonga hii. "Kovu litakaa hapa. Nguo ya ndani italificha." Hapo moyo ukatulia.

Kisha akavuta droo, akatoa karatasi ngumu inayong'aa yenye safu tatu. Fedha, 380,000: kukaza misuli na kukata ngozi. Dhahabu, 540,000: hayo pamoja na kunyonya mafuta ya kiunoni. Almasi, 720,000: yote hayo, lakini mafuta yananyonywa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, nguo mbili za kubana, siku mbili za kulala, na kukandwa mara sita. Akailaza kalamu yake juu ya Almasi. Hakuisukuma kwangu, aliilaza tu. Akasema, "Wengi wenye mwili kama wako huishia hapa," akatoka. Mara akaingia dada wa mapokezi na kikokotoo.

Nimerudi nyumbani, na usiku naiona ile kalamu. Amenionyesha Almasi kwa sababu inanifaa, au kwa sababu ni Almasi? Na mtu ambaye hata swali la kuuliza hana atajuaje?

#2 Kasuku_wa_Shela

Uzi wa kuzungumzia kushonwa. Nimekaa mbele na viazi karai vyangu.

#3 Bi_Nesi_Mstaafu

Wa aleikum salaam mwanangu. Nimesimama thieta miaka 27, niache nikufungulie hiyo karatasi.

Huo mgongo wa papa ni misuli miwili ya mbele ya tumbo iliyoachana mimba ilipoipanua. Wengine mazoezi huwasaidia, wengine pengo hubaki. Daktari huivuta na kuishona katikati, halafu hukata ngozi iliyozidi na kukipa kitovu mahali pake. Kazi hiyo yote imo kwenye Fedha. Kilichokutoa Malindi kwenda Mombasa kimo kwenye bei ya chini, sijui kama umeliona hilo.

Mafuta ya kiuno ni kazi nyingine, ya umbo. Siku hizi kabla ya kunyonywa huingizwa maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi na adrenalini ili damu isitoke nyingi. Hilo hufanywa kwa mashine ghali na kwa mrija wa kawaida vilevile. Ile ya mawimbi ya sauti hulainisha mafuta kwanza. Ina faida yake penye mafuta magumu: mgongoni, kifua cha mwanamume, mahali palipowahi kunyonywa pakabaki pagumu kama kigae. Na ikikawia mahali pamoja inaunguza. Kwa kiuno cha mara ya kwanza, mkono wa daktari ndio mashine.

Kalamu hainitii wasiwasi. Kinachonitia wasiwasi ni kuwa katika safu zote tatu ulizotaja sijaona neno usingizi. Nani atakulaza? Ni daktari wa usingizi atakayekaa kichwani pako mpaka mwisho, au mtu atakayeingia na kutoka? Upasuaji wa tumbo hutuogopesha kwa sababu damu inaweza kuganda miguuni ikapanda mapafuni. Watakuamsha utembee mapema? Utapewa sindano ya kuzuia damu kuganda kama unaihitaji? Mambo hayo yakiwa ya Almasi peke yake, usirudi huko.

Na nikuulize kama mama: umemaliza kuzaa? Ukibeba mimba nyingine, ile misuli iliyoshonwa itafunguliwa upya na pesa yako.

#4 Seremala_Langoni

Bi Nesi shikamoo. Lakini mimi namtetea daktari. Nachonga milango hapa Lamu, na mimi pia natoa bei tatu: mwembe, mvule, mbambakofi. Nikimtajia mteja mbambakofi pekee ananiita mwizi. Nikimtajia mwembe pekee, mvua tatu zikipita na mchwa wameingia, ananiita mwizi pia. Kwa hiyo namwekea zote.

Na nakiri, penseli yangu hulala kwenye mbambakofi. Faida yake hainizidii sana, mbao yenyewe ghali. Ni kwamba ule mlango ndio nitakaoona raha watu wakipita wakiuliza umechongwa na nani. Fundi yeyote anataka afanye kazi yake nzuri kuliko zote, kwa pesa ya mwingine. Huenda daktari ana ugonjwa huohuo.

#5 BintiAmu

Seremala, mlango hauoti kovu.

Mimi nilitoga sikio tundu la pili. Pakaota kitu kama kunde, kikawa kama zaituni, mpaka naona haya kufunga buibui sikio likaonekana. Nikashika ndia, boti mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa. Daktari akanambia kuna bei mbili. Ya tini ni kukata. Ya yuu ni kukata na kupigwa sindano za steroidi kwenye kovu kwa miezi. Mimi hesabu yangu ikawa: kitu kikishakatwa si kimekwisha? Sindano za nini? Nikaona ananiongezea bei, nikachukua ya tini.

Mwaka haukuisha, zaituni ikarudi kama kitunguu.

Yule wa pili aliyenitibu ndiye aliyenieleza kuwa keloidi, hilo kovu linaloota likazidi, ikikatwa tu bila kitu kingine hurudi mara nyingi, na sisi wenye ngozi nyeusi ndio inayotupenda. Kumbe ile ya yuu ndiyo ilikuwa matibabu, na ya tini ilikuwa nusu ya matibabu. Yule wa kwanza hakunidanganya. Alitaja bei mbili akanyamaza, akanitazama kwa mato kama muuza duka. Angesema maneno matatu tu: "Ukikata tu, itarudi."

Kwa hiyo MamaPacha, usiikimbie ile ya yuu kwa sababu ni ya yuu.

#6 Kasuku_wa_Shela

"Ya tini, ya yuu." Binti wa Amu, nyote mkiandika hivi nitaacha kazi niwe nasoma tu.

#7 Leila_Watamu

Namuunga mkono BintiAmu. Mfano mwingine ni leza ya kuondoa nywele. Nilienda pahali ofa, mashine ya mwanga mkali, nusu bei, nikatoka na madoa meusi mguu mzima kama chui. Ile mwanga hufuata weusi, na haitofautishi weusi wa nywele na weusi wa ngozi. Kwa ngozi zetu inayofaa zaidi ni leza ya aina ya Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanomita 1064, ambayo hupenya chini bila kushughulika sana na rangi ya juu. Ni ghali zaidi, kweli. Lakini yule dada wa ofa aliniambia, "Leza ni leza, mpenzi."

Hapo ya bei ya juu haikuwa anasa. Ilikuwa ndiyo inayojua kuwa mimi ni mweusi.

#8 Kipara_cha_Zamani

Ngoja na mimi nitoe aibu yangu. Nilikwenda Istanbul kupanda nywele. Pakeji tatu vilevile, na hoteli na gari la kukupokea uwanja wa ndege. Ya juu kabisa ilikuwa "ya yakuti". Jamani, yakuti! Nikasema kichwa changu hakijawahi kuvaa yakuti, wacha kivae.

Nimekuja kusoma baada ya kulipa. Yakuti yenyewe ni ncha ya kile kijembe cha kutobolea matundu ya kupandia, badala ya ncha ya chuma. Basi. Kazi ngumu iko nyuma ya kichwa, kwenye kung'oa mizizi. Na nywele zetu za kipilipili mzizi wake umepinda chini ya ngozi. Anayetoboa moja kwa moja kama anavyotoboa kwa Mturuki anaukata katikati. Inatakiwa kifaa chake na mtu aliyezoea. Hilo halikuwa kwenye safu yoyote. Daktari nilimwona dakika tano, akanichora mstari kipajini, kazi iliyobaki wakafanya mafundi.

Zimeota. Lakini zimeota kama mahindi ya mwaka wa ukame.

#9 Kasuku_wa_Shela

Ndiyo maana siku hizi kofia huvui hata ukiwa ndani ya tuktuk.

#10 Ciao_Malindi

Mimi nilimfanyia kazi bibi mmoja wa Kitaliano huku, nyumba ya karibu na bahari. Alikuwa na matiti ya kupandikiza. Siku moja akanikalisha akalia. Aliambiwa na daktari wake kwao kuwa ni bora, za Ulaya, halali, akalipa vizuri. Baadaye ikaja kujulikana kampuni, ya kwao hukohuko Italia, ilikuwa inajaza silikoni ya viwandani, ile ya magodoro. Mwaka 2012 zikapigwa marufuku, mwenye kampuni akafungwa miaka kumi. Kwa hiyo mimi ya juu wala ya chini siamini.

#11 DaktaWaZamu

Ciao, habari yako ni ya kweli ila umeikoroga. Kampuni ilikuwa ya Ufaransa, Poly Implant Prothèse, watu huiita PIP. Zilisimamishwa kuuzwa Machi 2010. Mwanzilishi, Jean-Claude Mas, alihukumiwa miaka 4 mwishoni mwa 2013, kumi haikuwapo. Na zilikuwa na alama ya CE, ya kwamba zimekidhi masharti ya Ulaya, hilo ndilo linalouma: daktari wa yule bibi huenda alimwambia alichokiamini. Silikoni ya viwandani ilitumika kwa sababu ni nafuu. Walionunua hawakuiona tofauti.

Niongeze moja. Kulikuwa na vipandikizi vya matiti vyenye uso wa kukwaruza, vikisifiwa kuwa havitelezi mwilini. Julai 2019 Allergan iliondoa vyake vya BIOCELL sokoni duniani kote, baada ya mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, kuitaka ifanye hivyo, kwa sababu vilihusishwa na saratani adimu ya kinga inayoanzia kwenye utando unaozunguka kipandikizi. Sifa iliyokuwa ikiuzwa ndiyo iliyokuja kuwa tatizo. Oktoba 2021 FDA ikaagiza kabla ya kupandikizwa mgonjwa apewe orodha ya kupitia na daktari, hatari moja baada ya nyingine, na aweke sahihi.

Mimi si daktari wa upasuaji wa urembo, nafanya zamu hospitali ya kawaida. Lakini hapa Kenya tuna Sheria ya Afya ya 2017. Kifungu cha 8 kinasema mgonjwa aelezwe njia zilizopo za matibabu, na faida, hatari, gharama na matokeo ya kila moja, na haki yake ya kukataa. Na aelezwe kwa lugha anayoielewa pale inapowezekana. Nawauliza: karatasi inayong'aa ina gharama. Hatari za kila safu ziko wapi? MamaPacha, ulielezwa?

#12 MamaPacha_Barani

Shukran nyote. Dakta, kovu nilielezwa. Damu kuganda sikuelezwa. Bi Nesi, ndio nimemaliza kuzaa, pacha wamenimaliza wao. Kuhusu usingizi, nimeangalia karatasi tena: kuna mstari mdogo chini, "Ada ya usingizi na thieta hutegemea." Hutegemea nini, haikuandikwa.

#13 *Ujumbe huu umeondolewa na msimamizi: tangazo la krimu ya kukaza tumbo.*

#14 Kasuku_wa_Shela

Msimamizi, ungeacha tuone ina safu ngapi.

#15 Mapokezi_Mstaafu

Sitasema nilifanya kazi wapi. Nchi za Ghuba, miaka miwili, kliniki ya urembo. Mimi ndiye nilikuwa yule dada wa kikokotoo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Daktari hatamki bei kamwe. Kioo kwanza, bei baadaye. Mtu akishajiona kwenye kioo na mstari wa kalamu mwilini, tayari ameshauona mwili mpya, na kuukosa kunamuuma kama ameporwa. Hapo ndipo nilipoingia. Na safu tatu hazikuwekwa ili uchukue ya tatu. Ya tatu iliwekwa ili ya pili ionekane ya mtu mwenye akili. Tuliwauzia wengi ile ya katikati, wakatoka wakijisifu kuwa hawakudanganyika na ya juu.

Hilo neno "wengi wenye mwili kama wako" tulifundishwa. Hakuna aliyewahi kuwahesabu.

Lakini nisiwe mnafiki. Wagonjwa nao wana yao. Mama anashindana na muuza changu kwa shilingi ishirini mpaka samaki anaoza, lakini kwa daktari anaona haya kuuliza, "Hii ya chini ina kasoro gani?" Anaona akiuliza ataonekana hana. Wengine walikuwa wakitazama bangili zao kabla ya kujibu. Nimewaona wakichagua ya juu ili tu mimi, mpokezi, niwaone.

#16 Seremala_Langoni

Mapokezi, hapo kwenye kuona haya umenigusa. Kwangu haji mtu akaona haya. Akiona bei anakaa chini, anaagiza kahawa, tunaanza upya. Labda daktari angekuwa na benchi la kahawa mambo yangekuwa mengine.

#17 Bi_Nesi_Mstaafu

Dada Mapokezi, unayosema yapo, sikatai. Ila usiwatie wote kapu moja. Nimefanya kazi na daktari mmoja ambaye mgonjwa akitaka ya juu, alikuwa akimuuliza, "Kwa nini?" Na jibu lisipomridhisha anamrudisha nyumbani wiki mbili afikiri. Walimwita mgumu. Wengine walikwenda kwa mwingine siku hiyohiyo. Kwa hiyo daktari anayekushusha bei naye ana hasara yake.

Na kuna jambo hamjaligusa. Daktari huogopa lawama. Akikupa ya chini na kiuno kisipokaa sawa, utasema mbona hakunambia kuna mashine? Ndiyo anailaza kalamu juu. Anajikinga.

#18 Ustadh_Maweni

Asalaam aleikum. Nimeona wadogo zangu mnataja Fedha na Dhahabu, nikakumbuka hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi. Arfaja bin As'ad alikatwa pua siku ya vita vya Kulab, akaweka pua ya fedha. Ikamnukia. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamrisha aweke ya dhahabu. Na wote tunajua dhahabu kwa mwanamume ni haramu kuivaa. Wanazuoni wengi wametumia hadithi hii kujuzisha kurekebisha kasoro. Aliyeharibikiwa na mwili kwa ajali au ugonjwa si sawa na anayebadilisha umbile kwa kupenda tu. Dada mwenye misuli iliyoachana kwa uzazi, mimi namwona upande wa kwanza, lakini amuulize shekhe wake. Kiuno ni mazungumzo mengine.

#19 Kipara_cha_Zamani

Ustadh, kwa hiyo tangu zamani Fedha ilikuwa inanuka na mtu akapandishwa Dhahabu. Nina dalili.

#20 Ustadh_Maweni

Alipandishwa bila kuambiwa "wengi wenye pua kama yako", ndugu yangu. Fedha ilijaribiwa, ikaonekana kasoro yake, ndipo ikaja dhahabu. Na aliyempa ushauri hakuwa akiuza.

#21 Leila_Watamu

#20 ningekuwa na uwezo ningeitundika ukutani.

#22 Ciao_Malindi

Nimekubali kusahihishwa kuhusu Ufaransa. Ila hivi Almasi ya MamaPacha ina nguo mbili za kubana. Hiyo si mkaja tu? Nyanya zetu walikuwa wakifunga bure, leso moja, na maji ya moto.

#23 Bi_Nesi_Mstaafu

Hapana Ciao. Mkaja ni kumfunga mzazi, nguo ya kubana baada ya kunyonywa mafuta ni kazi nyingine: inashikiza ngozi ilale na maji yasijikusanye. Na wala mkaja hauungi misuli iliyoachana, tuwe wakweli, ndiyo maana huyu mwana tumbo lake limebaki vile. Lakini mbili ni kwa ajili ya kufua moja ukivaa nyingine. Unaweza kuinunua ya pili mwenyewe, haina haja ya kuitwa Almasi. Na huko kukandwa mara sita, kwangu mimi ni starehe. Wapo wanaokuapia kunapunguza uvimbe. Nimeona waliokosa kukandwa wakapona siku zilezile.

#24 DaktaWaZamu

MamaPacha, kabla ya yote hayo: angalia orodha ya Baraza la Madaktari, KMPDC, iko mtandaoni. Usitazame tu kama jina lake limo. Tazama kama amesajiliwa kama bingwa wa upasuaji wa plastiki, na kama kile kituo kina leseni ya kiwango cha kufanya upasuaji wa aina hiyo. Mwaka 2024 Nairobi kuna kituo kilifungwa baada ya mama mmoja kufariki kufuatia kunyonywa mafuta. Hii ya safu ni nusu tu ya mazungumzo.

Na usitegemee SHA, bima ya afya ya serikali. Urembo ni mfuko wako. Ukiwa na ngiri ya kitovu pamoja na hiyo misuli, ngiri ni ugonjwa, hilo waulize kando.

#25 MamaPacha_Barani

Jamani nimerudi. Nimeangalia, jina lake limo, na ni bingwa. Leo asubuhi nimepiga simu. Dada wa kikokotoo akapokea. Nikasema nina maswali ya daktari, akasema nimwambie yeye. Nikasema la, ni ya mwilini. Nikasubirishwa na muziki mpaka pacha mmoja akamwaga uji.

Akaja daktari mwenyewe. Nikasoma kwenye daftari kama mtoto wa shule. Usingizi: daktari wa usingizi yuko katika zote tatu, kile cha "hutegemea" ni muda wa thieta. Damu kuganda: atanipima kwanza nipo kwenye hatari kiasi gani, sindano ikihitajika ni katika zote, kutembea jioni ileile ni lazima. Nikapumua. Nikamuuliza la mwisho, "Daktari, ukiondoa mashine, nini kitabadilika kwangu mimi?"

Akanyamaza. Nikasikia kiti kikilia.

"Kiuno," akasema. "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Njoo nikuonyeshe kwa kalamu."

#26 Bi_Nesi_Mstaafu

Huyo amejibu kweli. "Kidogo" ni neno ambalo muuzaji halisemi. Nenda kwake.

#27 Mapokezi_Mstaafu

Bi Nesi, kwa heshima, mimi nimelisikia neno hilo mara nyingi. "Njoo" ndilo neno. Mtu akirudi mara ya pili mbele ya kioo hatoki na Fedha.

#28 BintiAmu

Mimi nampa haki yake. Wangu hakusema hata kidogo.

#29 Seremala_Langoni

Amenyamaza kabla ya kujibu. Mimi mteja akiniuliza tofauti ya mvule na mbambakofi kwa mlango wa chooni, nanyamaza hivyohivyo.

#30 Kasuku_wa_Shela

MamaPacha akifika tu, aichukue ile kalamu aitie mkobani, ndio tuone daktari atasema nini kwa mdomo.

#31 MamaPacha_Barani

Nakwenda Jumatano, basi la saa kumi na mbili asubuhi. Mume wangu anakuja, nimemwambia kazi yake ni moja: dada wa kikokotoo akiingia, atoke naye nje akamuulize bei ya maegesho. Kama kuna wa kuniazima mkaja mzuri baadaye, wa nyanya amempa binti wa jirani aliyejifungua Jumapili.